Ateri ya ubongo ikipanuka: niliyojifunza nikimuuguza baba

Majibu ya picha ya MRI yaliposema ateri ya basila ya baba, ile inayopita mbele ya shina la ubongo, imepanuka na kurefuka kupita kiasi, nyumbani tulijiuliza jambo moja tu: itapasuka lini? Kama nawe umepewa majibu ya namna hii, au unamuuguza aliyepewa, naomba uanze kwa kuitazama upya hofu hiyo.

Wengi wetu tumesikia habari za anurisma, ambapo sehemu moja ya mshipa huvimba na mara nyingi kutokeza kama kifuko. Hali ya baba ni nyingine. Ateri yenyewe imetanuka, ikarefuka na kupindapinda. Madaktari huiita dolikoektasia. Basila ikizidi upana wa milimita 4.5, kwa kawaida huhesabiwa kuwa imepanuka. Kupasuka kunaweza kutokea, lakini kiharusi kinachowapata zaidi watu hawa ni kile cha damu kukosa njia. Ndani ya ateri pana damu huenda polepole na kuganda, na bonge likichomoka huziba mbele. Tena kuna vijishipa vyembamba vinavyotoka kwenye basila kulisha shina la ubongo. Ateri ikijinyonga, navyo huvutika au huzibika.

Hakuna dawa inayoirudisha ateri katika upana wake wa awali. Ndiyo maana nasisitiza kudhibiti presha, hata kwa mgonjwa anayejiona mzima kabisa. Pima nyumbani akiwa ametulia, andika daftarini, nenda na daftari hilo kliniki. Dawa za presha zisikatizwe kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Zimekuwa nzuri kwa sababu anazimeza. Sigara iachwe. Aspirini, tafadhali, asianzishiwe na jirani wala ndugu: ateri ileile inayogandisha damu inaweza pia kuvuja, na kupima hatari hizo mbili ni kazi ya daktari.

Dalili nazo zinahitaji jicho la ziada. Tumezoea kutazama mdomo uliopinda, mkono uliolegea na maneno yasiyoeleweka. Kiharusi cha nyuma ya ubongo kinaweza kuanza kwa kizunguzungu cha ghafla, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba au kushindwa kumeza, huku mikono yote ikiwa na nguvu. Usimwambie alale kwanza apumzike. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, umkimbize hospitali yenye CT, mashine ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5, na hutolewa baada ya picha kuonyesha kwamba damu haijavuja, kwa hiyo kila dakika ya njiani ina thamani.

Baba alikuwa na shavu linalochezacheza upande mmoja muda mrefu kabla ya MRI, nasi tukadhani ni uchovu. Ateri iliyopanuka inaweza kugandamiza neva za uso, ikaleta mchezo huo au maumivu makali ya kuchoma usoni. Mwambieni daktari mambo hayo hata asipouliza. Na kama mgonjwa bado ni kijana, ulizeni kuhusu ugonjwa wa Fabry, ambao unaweza kuleta hali hii, hurithiwa na una tiba yake.

Picha za zamani zitunzeni. Kipimo kijacho kikifanyika, daktari atahitaji kulinganisha ajue kama ateri imeendelea kupanuka au imebaki ilivyokuwa.