Usitume hiyo barua kwa mhariri kabla shabiki wa Carolina hajahesabu magazeti yaleyale

Mkuu, usitume. Hiyo barua unayokusanyia majina ili imfikie mhariri Ijumaa, iache kwanza. Umeandika kwamba kwenye kikapu cha vyuo hapa jimboni North Carolina gazeti linaibeba Duke, chuo cha Durham, na kuibania NC State yetu ya Raleigh, kwamba umehesabu makala za mwezi mzima na jedwali unalo, na kwamba mwandishi "aliyenunuliwa" umeshamjua na jina lake litakaa juu kabisa ya barua. Halafu ukauliza gazeti lipi kati ya la Durham na la Raleigh linafaa kulipiwa. Nimesoma mpaka chai imepoa. Njia hiyo niliipita mwaka 2022, hatua kwa hatua, na sentensi zako mbili tatu zinafanana na zangu neno kwa neno.

Lililonigharimu kuliko yote ni hilo jina la mwandishi. Nalisema mwanzo kwa sababu najua ukifika katikati utaanza kubishana nami kuhusu jedwali.

Msimu wenyewe ulikuwa wa 2021/22. Kocha Mike Krzyzewski wa Duke alikuwa ametangaza tangu Juni 2021 kwamba ukiisha huo anastaafu: misimu 42 kwenye benchi moja, makombe 5 ya taifa ya vyuo. Kila uwanja alioingia ilikuwa ni kuagwa. Machi 5 wakacheza mechi yake ya mwisho nyumbani, uwanja wa Cameron, Chuo Kikuu cha North Carolina cha Chapel Hill, tunachokiita Carolina, kikaja kikamfunga 94-81 mbele ya wachezaji wake wa zamani waliojaa uwanjani. Kabla mwezi haujatimia wakakutana tena kwenye nusu fainali ya taifa kule New Orleans, mara ya kwanza katika historia timu hizo mbili kukutana kwenye mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Carolina ikashinda 81-77 na mzee akaenda nyumbani moja kwa moja. Sisi wa NC State msimu huo tulimaliza na ushindi 11 na vipigo 21. Sasa niambie, mhariri mwenye akili timamu angeweka nini ukurasa wa mbele?

Lakini wakati ule sikuliona hilo. Nililoliona ni picha ya Duke Jumatatu, picha ya Duke Jumatano, na sisi tumebanwa chini kabisa karibu na matangazo ya matairi. Nikaanza kuhesabu. Tarehe, ukurasa, urefu wa makala, picha ipo au haipo. Jedwali likapendeza. Likampendeza zaidi jamaa mmoja aliyekuwa akiongoza kundi letu la mashabiki, mtu ambaye angeona upendeleo hata kwenye utabiri wa hali ya hewa mvua ikinyesha Raleigh ikaacha Durham. Huyo ndiye aliyenipigia simu usiku akasema, "Takwimu peke yake hazimuumi mtu, weka jina." Akaniletea jina. Akaniletea na ushahidi: picha ya mwandishi kijana kavaa fulana ya bluu, rangi ya Duke. "Huyu ni mtoto wa Duke, nimethibitisha." Nimethibitisha! Mpaka leo neno hilo likitoka mdomoni mwa shabiki, namuuliza amethibitisha kwa nani.

Nikaandika barua. Nikaweka jina, nikaandika kwamba amesoma Duke na analipa fadhila. Ikaenda kwa mhariri, na jamaa akaisambaza kila mahali mashabiki wanapokutana. Ndani ya siku chache watu nisiowajua wakawa wanamwandikia kijana yule matusi, wengine wanampigia simu kazini, mmoja akamtajia mtaa anaokaa. Kwa usalama wake wakamtoa kwenye mechi kwa muda.

Alinipigia simu mwenyewe. Hakufoka. Akaniuliza kama najua nani anaandika vichwa vya habari. Nikasema ni yeye. Akaniambia mwandishi hapeleki kichwa cha habari. Anapeleka makala, na kichwa anakiweka mhariri wa zamu anayepanga kurasa, mara nyingi mtu ambaye hata uwanjani hakufika. Kile kichwa nilichokipigia kelele zaidi kuliko vyote, yeye alikiona asubuhi kama mimi. Kuhusu makala yetu fupi ya vile vipigo vya usiku, akanieleza kwamba mechi ikianza saa tatu usiku inaisha karibu na saa sita, na mtambo wa kuchapa uko mbali, ukurasa unafungwa mapema. Habari kamili inakuwa mtandaoni, mimi nilikuwa nahesabu karatasi. Kuhusu Duke, akasema sehemu kubwa ya nilizohesabu ni habari za shirika la habari la AP (Associated Press) ambazo gazeti huzichukua kama zilivyo. Na kuhusu fulana, ilikuwa ya chuo kingine kabisa, nje ya jimbo hili. Duke hajawahi kusoma hata siku moja.

Ningependa kukwambia yaliishia hapo. Kijana yuleyule, wiki chache kabla, alikuwa amekuja kwenye ukumbi wa kanisa ambapo vijana wetu wanafanya mazoezi Jumamosi, watoto wa Kikongo, Kirundi, Kitanzania. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, daftari gotini, akamwita mtoto mmoja mmoja na kumuuliza jina lake linaandikwaje. Herufi kwa herufi. Mtoto mmoja anayeitwa jina refu la Kirundi alimrudishia mara tatu mpaka akalipata, na mtoto alicheka kwa raha kwa sababu shuleni hakuna aliyewahi kujisumbua. Mwenye duka la vyakula vyetu alishaahidi kununua jezi habari ikitoka. Haikutoka. Waliovaa fulana za kuazima msimu mzima ni watoto, na yule jamaa wa "nimethibitisha" alibadilisha namba ya simu. Namlaumu, nitaendelea kumlaumu, na kama anasoma hapa ajue kwamba bado namtafuta aje awanunulie watoto jezi.

Sasa jedwali. Aliyelivunja ni dada mmoja wa Bukavu tunayefanya naye kazi, shabiki wa Carolina mpaka kwenye kucha. Nilimpelekea rundo lile lile la magazeti nikiwa na hasira, nikamwambia hesabu na wewe. Alirudi baada ya siku mbili na karatasi yake inayoonyesha gazeti ni la NC State. Magazeti yaleyale! Kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, na za wanawake uliziweka wapi?" Sikuwa nimeziweka popote. Msimu ambao wanaume wetu walifungwa mechi 21, timu ya wanawake ya NC State ilichukua ubingwa wa ACC, ligi ya vyuo ambamo sisi, Duke na Carolina tumo, kwa mwaka wa tatu mfululizo, ikaingia mashindano ya taifa ikiwa namba moja kwenye kanda yake, na ikatolewa na UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, 91-87 baada ya muda wa nyongeza mara mbili, kule Bridgeport, jimboni kabisa kwa UConn, hatua moja kabla ya nusu fainali. Zote hizo ziliandikwa. Mimi nilikuwa nazifunua nazipita nikitafuta picha ya Krzyzewski niikasirikie.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: kabla hujasema gazeti linapendelea, mpe shabiki wa upande wa pili magazeti yaleyale ahesabu peke yake, bila kumwonyesha jedwali lako. Zikilingana, una hoja. Zisipolingana, ulichopima ni moyo wako. Wanasaikolojia wawili, Hastorf na Cantril, walichapisha jambo hili mwaka 1954: waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vya Princeton na Dartmouth filamu moja ya mechi yao ya futiboli ya Kimarekani ya 1951 iliyojaa rafu. Wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wamecheza rafu zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wa Dartmouth wenyewe. Filamu moja. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga hatukuhitaji filamu kulijua hilo, lakini tukivuka bahari tunalisahau.

Tazama historia ya magazeti ya huku. Shabiki wa NC State atakwambia News & Observer ya Raleigh ni ya Chapel Hill tangu zamani, kwa sababu Josephus Daniels aliyeinunua mwaka 1894 alisoma sheria huko na familia yake ilikaa nayo mpaka ilipouzwa kwa kampuni ya magazeti ya McClatchy mwaka 1995. Atakukumbusha 1989, ilivyoandikwa kuhusu Jim Valvano, kocha aliyetupa kombe la 1983 kwa kuifunga Houston 54-52 sekunde ya mwisho. Wachezaji walikuwa wakiuza viatu na tiketi za bure, NCAA ikatufungia mashindano ya 1990, Valvano akaondoka. Kwa watu wetu hilo ni jeraha mpaka leo na gazeti ndilo lenye kisu.

Halafu nenda Chapel Hill. Watakwambia gazeti hilohilo ni la NC State, kwa sababu mwandishi wake Dan Kane alilikalia koo suala la madarasa hewa ya chuo chao kwa miaka. Na hili, ndugu zangu wa Kiswahili, linatuhusu, maana lugha yetu ilikuwa katikati. Ripoti ya uchunguzi ya mwanasheria Kenneth Wainstein ya Oktoba 2014 ilionyesha wanafunzi zaidi ya 3,100 katika miaka 18 walipita kwenye madarasa ambayo hayakuwa na mwalimu wala kipindi, unaandika karatasi moja unapewa alama, na karibu nusu ya nafasi hizo zilikwenda kwa wanamichezo. Miongoni mwa madarasa hayo lilikuwemo la Kiswahili: mtu alitimiza sharti la lugha ya kigeni kwa kuandika kwa Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili. Mwaka 2011 mchezaji mmoja wa futiboli aliposhtaki chuo ili arudishwe uwanjani, karatasi yake ya Kiswahili ikawa sehemu ya nyaraka za kesi, zikawa wazi kwa umma. Nani aligundua kwamba sehemu zake zimenakiliwa kutoka kwingine? Mashabiki wa NC State, mtandaoni, usiku. Mpinzani ana jicho ambalo wewe huna, na hapo lilifanya kazi ya haki. NCAA mwaka 2017 ilisema haiwezi kuadhibu kwa sababu madarasa hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, lakini yaliyoandikwa yalikuwa kweli.

Gazeti moja, mashtaka mawili yanayopingana. Na ukitaka kujua upendeleo halisi wa gazeti unafananaje, usitafute kwenye kikapu. Mwaka 1898 News & Observer ya Daniels ilitumika waziwazi kuchochea kampeni ya utawala wa Weupe iliyoishia na mauaji ya Weusi kule Wilmington, na mwaka 2006 gazeti lenyewe lilichapisha toleo maalumu kukiri hivyo. Hapo hakuna aliyehitaji kupima urefu wa makala kwa rula. Maneno yenyewe yalitosha.

Kuhusu la Durham au la Raleigh: tangu Desemba 2016 Herald-Sun ya Durham nayo ni ya McClatchy. Mwenye mali mmoja, habari za kikapu wanashirikiana. Lipia lolote. Wanaosema hili la Durham ndilo la Duke na lile la Raleigh ndilo letu wamelala tangu hapo.

Na hesabu yako ya mwezi mmoja haitoshi hata kama ni sahihi. Kumbuka Machi 2024. NC State ilimaliza msimu wa kawaida kwa kufungwa mara nne mfululizo, hakuna aliyeitazama. Kisha ikashinda mechi 5 ndani ya siku 5, ikaifunga Carolina 84-76 kwenye fainali ya ACC, ubingwa wa kwanza tangu 1987, ikaipiga Duke 76-64 kule Dallas na kufika nusu fainali ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 1983. Wiki hizo mchezaji wetu DJ Burns alikuwa kila ukurasa, anatabasamu. Mtu wa Duke aliyehesabu Machi hiyo ana jedwali zuri kama lako, na linathibitisha kinyume chake.

Kwa hiyo leo jioni, yule jirani yako wa Chapel Hill uliyemtaja ambaye mnagombana kwa sababu ya kelele za mechi, mgongee mlango umkabidhi rundo. Usimweleze kitu. Jina la mwandishi lifute kabisa, hata kama jirani atakubaliana nawe kwa kila kitu. Malalamiko yanaelekezwa kwa mhariri wa michezo, si kwa mwandishi. Tenganisha habari za AP na zilizoandikwa na waandishi wao. Angalia na mtandaoni.

Na usiruke za wanawake. Mimi na yule dada wa Bukavu tulipokaa pamoja na karatasi zetu mbili tulibishana kwa kila mstari, isipokuwa mmoja: wasichana wa NC State, wa Duke na wa Carolina, wote waliwekwa kurasa za ndani, kwa ufupi, mara nyingi bila picha, hata wiki waliyokuwa mabingwa. Tulihesabu kila mtu kivyake na tukafika palepale. Ukiandika barua kuhusu hilo, Ijumaa hii au inayofuata, jina langu liwe la kwanza kwenye orodha, na la dada nimeshamuuliza, amekubali.