Meneja anataka niweke programu ya kufuatilia waliotangamana na mgonjwa

Dada wa Nyali, umeuliza kama meneja wa hoteli anaweza kukulazimisha kuiweka kwenye simu yako. Usikatae papo hapo. Muulize kwanza: inatumia Bluetooth au GPS? Ya Bluetooth hunasa simu zilizokuwa karibu nawe tu. Ya GPS itajua umevuka Likoni saa ngapi na ulilala wapi, na hayo (samahani) meneja yanamhusu nini? Data inafutwa lini? Nani mwengine anaiona? Singapore watu waliahidiwa data ya programu kama hii ni ya ugonjwa wa Korona tu, kisha Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wanaweza kuitumia. Sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa. Taka majibu kwa maandishi. Ukiugua lakini, mtajie afisa wa afya watu uliokaa nao, hata kama hukuiweka.