Sukari inapitaje kwa bakteria wenye tando mbili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Bagamoyo, nasoma PCB kidato cha tano. Tumeambiwa bakteria wa gramu hasi ana utando wa nje na wa ndani, sasa tando ni za mafuta, na mafuta na sukari haviivani, inapitaje? Mwenzangu anabisha kuna protini nje inaivuta kwa ATP, ile nishati ya seli. Na hawa bakteria wa baharini kwetu huku sukari wanaitoa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzio mwambie protini hizi za matundu kwenye utando wa nje hazivuti kitu, maana ATP huko haipo kabisa, inayofanya kazi ni tofauti ya wingi tu, nje sukari nyingi ndani kidogo basi inaingia yenyewe. Vidogo kama glukosi vinapita kwenye matundu ya kawaida, ya E. coli, bakteria wa utumbo, yanaitwa OmpF, mwisho wake ni molekuli ya uzito wa kama dalton 600 hivi.

Utamu uko kwenye minyororo ya maltosi, ile inayotokana na wanga. Hiyo ina mlango wake, LamB au maltoporini, tundu lililozungukwa na nyuzi 18 za protini, na matundu yanakaa matatu matatu. Umbo lake lilichapishwa 1995 kwa eksirei ya fuwele, wakakuta ndani kuna amino asidi sita zenye pete zimejipanga mstari, sukari inashikilia moja inaachia inashika ya pili, kama mkwezi anavyoshuka mnazi kidato kwa kidato. Mi hapo huwa napasifia kila nikifundisha! Virusi vya lambda navyo vimeujua mlango huohuo, vinajishikiza hapo kabla ya kumvamia bakteria.

Ikishavuka inadakwa na protini ya MalE katikati ya tando, inapelekwa utando wa ndani, na hapo ndo ATP inachomwa. Na kwa kuwa inaondolewa haraka, nyingine nje inazidi kuingia.

Huko kwenu baharini sasa, maganda ya kambamiti na kaa ni kaitini, mnyororo wa sukari mrefu mno haupiti popote. Vibrio, bakteria wa baharini, anamwaga vimeng'enya nje anaukata kwanza, halafu vipande vinapita kitoporini, tundu maalum la vipande vya kaitini. Ile ya Vibrio harveyi imepimwa, inapenda zaidi vipande vya sukari sita, na vikishaingia vinakatwa tena humo katikati kabla ya kuvuka utando wa ndani.