Geji ya joto la giaboksi: amua kwanza sensa itakaa wapi

Vijana wanaoanza ufundi wa umeme wa magari huogopa waya za geji. Waya ndiyo sehemu rahisi, ukisoma karatasi iliyokuja kwenye boksi unaelewa. Kinachowatoa jasho ni simu ya mteja siku mbili baadaye: "Fundi, niko Kitonga napandisha, inasoma 115. Niendelee au niegeshe?" Huwezi kumjibu kama hukumbuki sensa uliifunga wapi, maana 115 ya sehemu moja ni hali ya kawaida na 115 ya sehemu nyingine ni dalili ya kupunguza mwendo.

Tuanze na joto lenyewe linakotoka. Kwenye pikapu ya otomatiki, iwe Hilux au Ranger, injini na giaboksi havijaungana kwa klachi ya mguu. Kati yao kuna toki konvata, ambamo oili inarushwa na pangaboi moja kwenda kugeuza jingine. Mapangaboi hayo yakizunguka kwa kasi tofauti, nguvu inayopotea yote inageuka joto ndani ya oili. Kwenye barabara tambarare, ukiwa na mwendo mzuri, konvata inajifunga, yaani mapangaboi yote mawili yanazunguka pamoja, na joto linashuka. Ukiwa na trela lenye mzigo, mlima mkali na mwendo wa kilomita 25 kwa saa, haijifungi, na hapo ndipo oili inapopikwa. Mchanga na tope hufanya kazi hiyo hiyo hata bila trela. Rejeta ya maji haitakuambia lolote: nimeona geji ya injini imetulia katikati huku oili ya giaboksi inanuka kuungua.

Sasa sehemu za kufunga sensa. Ziko tatu ambazo utakutana nazo sana.

Ya kwanza ni sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi. Oili iliyoko pale ndiyo inayovutwa na pampu kwenda kulainisha na kusukuma klachi za ndani, kwa hiyo namba yake ndiyo inayolingana na zile wanazozitaja watengenezaji. Inapanda taratibu na kushuka taratibu. Ubaya wake ni kazi ya kuifikia: lazima ushushe sampo, utoboe, uchomelee nati ya kupokea sensa, uisafishe mpaka usione hata chembe moja ya chuma, kisha urudishe na gasketi mpya. Usikubali kamwe kutoboa sampo ikiwa juu ya gari. Vumbi la drili likiingia kwenye vali za giaboksi, geji uliyofunga itakuwa imegharimu giaboksi nzima. Wapo wanaouza bolti ya kumwagia oili yenye tundu la sensa katikati, na kwa gari la mjini inafaa. Kwa pikapu inayokwenda machimboni au porini mimi siifungi, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza kukutana na jiwe.

Ya pili ni bomba linalotoa oili kwenye giaboksi kuipeleka kupoozwa. Kwenye giaboksi nyingi oili hiyo imetoka moja kwa moja konvata, kwa hiyo ndiyo yenye moto kuliko yote. Ukikanyaga mafuta mlimani mshale unaruka papo hapo, na unaweza kupita joto la sampo kwa nyuzi 20 au zaidi, kisha unarudi ukifika tambarare. Mimi napenda sehemu hii kwa mtu anayevuta trela, kwa sababu inamwonya mapema. Lakini lazima aambiwe kwamba namba zake ni za juu, la sivyo atasimama kila kilima.

Ya tatu ni bomba la kurudi kutoka kwenye kipoozeo. Hiyo inakuonyesha kipoozeo kinafanya kazi au la, basi. Dereva akiitegemea atajiona salama wakati ndani kunachemka. Nimeikuta kwenye magari mengi kwa sababu ni bomba rahisi kufikiwa na mkono, si kwa sababu nyingine.

Kutofautisha bomba la kutoka na la kurudi usibahatishe. Washa gari likiwa limepoa, shika breki, ingiza D na R mara chache, kisha pima kwa kipima joto cha miale. Linalotangulia kupata moto ndilo la kutoka. Jua pia kwamba giaboksi nyingine za kisasa zina vali ya joto inayozuia oili isiende kupoozwa mpaka ipate moto, kwa hiyo usishangae mabomba yote mawili yakiwa baridi dakika za mwanzo.

Ukiweka kiungio cha T kwenye bomba, hakikisha ncha ya sensa imesimama ndani ya mkondo wa oili. Ikikaa kwenye kijitundu cha pembeni ambako oili imetuama, itasoma chini ya ukweli. Na mpira utakaotumia kuunganisha uwe wa oili ya giaboksi, wenye maandishi hayo ubavuni. Mpira wa petroli wa kupima kwa mita pale dukani hulainika kwa joto hilo, kisha huchomoka, na giaboksi humwaga oili yote barabarani ndani ya muda mfupi.

Kabla mteja hajanunua chochote, mwulize kama amejaribu kusoma joto kwa kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye tundu la kusomea kompyuta ya gari. Otomatiki za miaka ya karibuni tayari zina sensa ndani ya giaboksi, na kifaa kidogo cha bluetooth pamoja na programu ya simu mara nyingi huweza kuionyesha namba hiyo. Utapoteza kazi moja, ni kweli. Utapata mteja wa kudumu. Kwa anayevuta mzigo kila siku bado namshauri afunge geji, kwa sababu simu huzima, hupigiwa, na huanguka chini ya kiti pale pale mlimani.

Akinunua, angalia vitu viwili kwenye boksi. Kwanza vipimo: geji nyingi za Marekani zinasoma Farenhaiti. 200 ya huko ni 93 ya kwetu ya Selsiasi, na 250 ni 121. Mteja akiona 200 bila kuelezwa, atakupigia usiku. Pili, sensa na geji ni jozi. Usichukue sensa ya kampuni moja ukaiunga na geji ya nyingine kwa sababu tu zinaingiliana. Mshale utasogea vizuri kabisa na utasema uongo.

Hapa kwenye thredi ndipo ninapoomba mtulie. Sensa nyingi za Marekani ni 1/8 NPT, kipimo cha thredi cha Kimarekani. Vifaa vya maduka yetu ya mabomba ni BSP, kipimo cha Kiingereza, na magari ya Kijapani yanatumia sana thredi za jamii hiyo hiyo. Kwa macho huzitofautishi: NPT ya saizi hiyo ina meno 27 kwa inchi, BSP ina 28, na pembe za meno ni 60 na 55. Ukizilazimisha zitaingia mizunguko miwili au mitatu, zitakaza, utafurahi, na zikipata moto zitavuja. Nunua kipimo cha thredi, ni kitu cha bei ndogo. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba iache. Sensa ya waya mmoja inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia mwili wake, ukiizungushia tepu unaweza kuikata. Isitoshe, kipande chake kikichanika kinaingia kwenye oili. Tumia dawa ya kuzibia ya maji maji, kidogo, ukiacha thredi mbili za mbele wazi.

Kuhusu umeme nitapita haraka. Chukua moto kwenye fyuzi inayowaka ukifungua switchi, ongeza fyuzi yake ndogo ya ampia 3 au 5, na usiguse fyuzi za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali), ABS ya breki wala kompyuta ya injini. Waya wa sensa upite ndani ya mfereji wa plastiki, mbali na egzosi, na uingie kabini kupitia tundu lenye mpira. Acha ulegevu kidogo karibu na giaboksi kwa sababu inatikisika. Wateja wengi wanapenda geji ikae kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Kwenye pikapu zenye eabegi za pazia, zile zinazoshuka pembeni mwa madirisha, kataa, na umweleze kwa nini: ile plastiki inatakiwa ifunguke yenyewe siku ya ajali, na skrubu zako zitaizuia au zitageuka risasi.

Kabla ya kufunga sensa, ijaribu. Unga geji kwenye betri, mwili wa sensa uupe ethi kwa waya, kisha chovya ncha kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Dar inatakiwa isome 100 hivi. Arusha maji huchemka karibu na 95 na Mbeya karibu na 94, kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usirudishe dukani geji isiyo na kosa.

Ikishafungwa na ikaleta matata: mshale uliolala chini kabisa mara nyingi ni waya uliokatika, na ulioganda juu kabisa ni waya uliogusa bodi, kwa sababu ukinzani wa sensa hizi hupungua joto linapopanda.

Jaza oili badala ya uliyomwaga, na iwe ya aina ile ile: Toyota WS kwa Hilux ya kuanzia 2015, Mercon LV kwa Ranger yenye giaboksi ya 6R80. Hilux hizo hazina kijiti cha kupimia. Kiwango kinapimwa kwa bolti ya kufurikia, ile unayoifungua ili oili iliyozidi itoke, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kitabu. Gari likae juu ya stendi, usiamini jeki.

Mwisho, mwandikie mteja kwenye karatasi mahali sensa ilipo na namba zake. Kwa sampo mimi huandika hivi: 80 hadi 95 ni kawaida, 110 akiwa na mzigo ni sawa kwa muda, 120 apunguze mwendo na ashushe gia, 130 asimame. Na akisimama asizime injini. Aweke N, avute handbreki, aiache iungurume ili pampu iendelee kupeleka oili kwenye kipoozeo mpaka mshale urudi chini ya 100.