Kupiga Windows: fundi, juu kwa juu au flashi yako mwenyewe?

Mkuu umesema una laptop ya HP yenye prosesa ya Intel i5 kizazi cha 7, ram GB 8, bado iko Windows 10, unauliza umpe fundi elfu ishirini aipige 11 au uipandishe mwenyewe juu kwa juu (yaani kutokea ndani ya hiyo hiyo Windows 10, bila kufuta kitu). Juu kwa juu sahau, Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8 (za kizazi cha 7 zinazokubalika ni chache mno), kwahiyo itakukatalia tu. Na Windows 10 apdeti za kawaida ziliisha 14 Oktoba 2025 so naelewa presha yako.

Fundi sasa. Mimi niliacha yangu Kariakoo asubuhi, nikamwambia kabisa bosi vitu vyangu viko D (ile sehemu ya pili ya diski) usiiguse, jioni narudi mashine inang'aa, picha mpya ya ukutani, D hamna!! Kaunganisha diski yote ikawa C moja. Picha za harusi ya dada, mahesabu ya duka, vyote kwaheri. Halafu windows yenyewe ya kukraki, antivairasi kaizima ananiambia "usiiwashe hiyo itasumbua". Wapo mafundi wazuri sikatai, ila siku hizi napiga mwenyewe.

Ningekuwa wewe ningeanza na flashi ya Linux Mint (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) hata kama huitaki Linux. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unacheki wifi, sauti, kamera, na kubwa zaidi unahamisha mafaili yako yote kwenda diski ya nje hata kama Windows imegoma kuwaka. Ikikudai funguo ya BitLocker (kufuli la Windows linalofunga mafaili ya diski) yenye tarakimu 48, itafute kwenye akaunti yako ya Microsoft KABLA hujafuta chochote.

Flashi iwe ya GB 8 kwenda juu na isiwe na kitu cha maana maana inafutwa yote. Tengeneza kwa Rufus (programu ya bure ya kuandaa flashi ya kuwashia mashine), usikopi tu faili kama wimbo, mashine haitawaka nayo. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, mimi nilishusha kwa bando la usiku likakatika mara mbili, Mint ni kama GB 3 tu. Rufus itakuuliza kama utoe masharti ya TPM, ukikubali Windows 11 itaingia hata kwenye hiyo yako, ila Microsoft hawakuhakikishii apdeti so ni wewe na roho yako. Draiva ya wifi (programu inayoifanya wifi ifanye kazi) ishushe mapema kabisa.

Mimi ya kwangu nimeacha Mint, ila nina programu moja ya mahesabu inataka Windows kwahiyo nimeweka zote mbili, Windows kwanza halafu Mint, ukianza na Mint, Windows inajifanya iko peke yake humo ndani. Na kama bado una HDD (diski ya zamani inayozunguka) nunua SSD (diski mpya yenye kasi) kwanza, hiyo ya zamani itoe ukae nayo pembeni, ndio bakapu yako hiyo.

Chaji ijae na waya uwe umechomekwa, umeme wetu unaujua. Kwa HP ukiwasha gonga Esc mfululizo halafu F9, itakuja orodha ya pa kuwashia, chagua flashi. Ukifika pale pa kugawa diski ukaona majina huyaelewi usibonyeze kitu, piga picha tupia hapa, usiku huwa nipo.