Tovuti ikifunguka kwenye laptopu yako, kazi bado

Wengi wanaoanza kujifunza kutengeneza tovuti hapa Dar huuliza kwanza waanze na lugha gani. Jibu ni fupi: HTML ibebe maudhui, CSS ipange mwonekano, JavaScript ishughulikie yanayotokea mtu anapobofya. Ongeza lugha moja ya upande wa seva (kompyuta inayohifadhi tovuti na kuituma kwa wanaoifungua), PHP au Python, na SQL ya kuhifadhi na kuchota taarifa kwenye kanzidata. Usikimbilie fremuweki, yaani msimbo ulioandaliwa tayari wa kujengea tovuti, kabla hujaweza kuunda fomu ya kawaida ikatuma taarifa na zikahifadhiwa. Hayo yote yanasomeka. Panapowakwamisha wengi ni siku tovuti inapotoka kwenye laptopu na kwenda hewani.

Chukua duka la vitenge Kariakoo. Kwenye laptopu picha zote zinaonekana, ukizipandisha kwenye seva nusu zinapotea. Mara nyingi mchawi ni jina la faili. Kwa kawaida Windows haitofautishi Kitenge.JPG na kitenge.jpg, lakini Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, huyaona kuwa mafaili mawili, na seva inakujibu 404, yaani faili haijapatikana. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, tangu mwanzo.

Picha hizohizo zina shida ya pili, nayo ni uzito. Mwenye duka atakutumia picha 20 za simu, kila moja MB 4. Ukiziweka zilivyo, mnunuzi aliyeko kwenye daladala ya Mbagala anakatwa MB 80 za bando kwa ukurasa mmoja, na hakuna atakayevumilia hilo. Punguza upana hadi pikseli 1,000 hivi, hifadhi kwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), hakikisha kila picha haizidi KB 100. Zote kwa pamoja zitakuwa MB 2. Kisha pima: kwenye Chrome bonyeza F12, fungua Network, chagua kasi ya 3G, pakia ukurasa upya na uangalie saa. Kumbuka pia kuweka meta ya viewport kwenye HTML, mstari unaoiambia simu itumie upana wa skrini yake. Bila hiyo simu huchora ukurasa kwa upana wa kompyuta kisha huubana, na maandishi hayasomeki.

Kwenye malipo, tafadhali sana, usiharakishe, maana hapo unashika pesa za watu. Mnunuzi akichagua M-Pesa au Airtel Money, ombi linamfikia kwenye simu, anaweka namba ya siri, halafu mtoa huduma anaiarifu seva yako. Oda isithibitishwe eti kwa kuwa kivinjari kimefika kwenye ukurasa wa shukrani. Yeyote anaweza kuandika anwani ya ukurasa huo akaufungua bila kulipa hata shilingi. Subiri taarifa ya mtoa huduma, hakikisha imetoka kwake kweli, linganisha kiasi na namba ya oda. Taarifa hiyo inaweza kuchelewa, na inaweza kuja mara mbili. Programu isipokumbuka kuwa oda hiyo imeshashughulikiwa, mzigo mmoja utatoka mara mbili. Namba za simu nazo watu huziandika watakavyo, wengine kwa 0, wengine kwa +255, wengine wakiacha nafasi katikati. Zigeuze zote ziwe 255 na tarakimu 9 kabla ya kuzihifadhi.

Ukianza kupata wateja, sajili domeini (jina la anwani ya tovuti) ya .co.tz kwa jina na barua pepe ya mteja mwenyewe. Fundi kujiandikisha yeye kama mmiliki si haki, hata kama mteja hajui tofauti. Mweleze mteja kwamba domeini hulipiwa upya, na ikiisha muda tovuti na barua pepe za ofisi vinazimika pamoja. Kubalianeni kwa maandishi: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, nani analipia seva, na malipo ya awali kiasi gani.

Nakala ya akiba ya kanzidata ikae nje ya seva hiyo. Na usiiamini mpaka uirudishe kwenye kompyuta nyingine na uone tovuti inawaka.