Barua kwa mwanangu: zile dakika mbili

Mwanangu,

Umeniuliza kama wale askari wanaoweka mashada ya maua kwenye makaburi ya vita pale Ngong Road kila Novemba wanamkumbuka kweli baba yangu mkubwa, au wanatii amri tu. Ngoja nikwambie habari ya Susu, bibi yangu, mama yake.

Kaburi la mwanawe halipo, unajua. Kikosi chao cha mizinga kilipanda meli ya Khedive Ismail hapo Kilindini, Mombasa, kikielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga torpido. Hazikupita hata dakika mbili, meli ikazama na watu karibu 1,300. Susu akaletewa karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kibuyu cha mbegu. Hakulia.

Mwaka ule nilipompeleka pale makaburini, wewe ulikuwa mgongoni. Tarumbeta ikalia, kisha kimya cha dakika mbili, askari wamekauka kama nguzo. Susu akapiga yowe, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni. Watu wakageuka. Nami nikamfinya mkono: "Susu, nyamaza, tunatazamwa." Akanyamaza.

Kilio hakiombi ruhusa, nimekwambia mara ngapi? Lakini siku ile aliyemnyima ruhusa ni mimi, si askari. Tena baadaye askari mmoja kijana alimshika mkono, akamtafutia jina ukutani, akamsomea. Susu akamuuliza, "Kumbe mlimpata?" Kijana akanitazama. Mimi nikatazama nyasi.

Na zile manowari mbili za Uingereza zilizorusha mabomu majini huku walionusurika wakiogelea? Baba yako alikuwa akisema, nyambizi ilikuwa chini yao, na kulikuwa na meli nyingine zimejaa watu, wangefanyaje? Ni kweli. Tena waliizamisha ile nyambizi siku hiyo hiyo, haya. Ila baba yako hakuwa na mtu kwenye yale maji. Nisingekuwa na mtu, labda ningesema kama yeye. Ulimi unaniwasha, lakini sihukumu.

Basi nenda Novemba, beba mwavuli. Ukisikia mtu analia kwenye zile dakika mbili, usimguse. Kilio hakiombi ruhusa.

Karatasi bado imo kibuyuni. Ukija Desemba utaisoma mwenyewe, mimi macho hayaoni tena maandishi madogo.

Mama yako